Walihamisha honi kwenye hendeli ya pikipiki yangu, nikavuruga posa ya mtoto wa marehemu kaka

Wakuu, nawasalimu wote, hata nyie mnaosoma uzi huku bosi akidhani mnajaza ripoti.

Ninachoandika hapa kimetokea kweli. Sijaongeza chumvi. Kuna mtu humu ananijua kwa sura, nikidanganya ruhusa anisute mbele yenu.

Ombi moja kabla hamjaanza. Asiniambie mtu "pole mkuu". Pole ina mwenyewe, na mkifika chini mtamjua.

Imepita miezi minne. Bado nikikumbuka nasikia hasira inanipanda kifuani, naweza kupiga teke ukuta. Juzi nilipiga kweli. Ukuta haukusema kitu, mimi nikachechemea siku mbili.

Haya, twende.

Mimi ni mkazi wa Itetemia, hapa hapa Tabora. Nafanya biashara ya asali. Nazunguka Sikonge, Urambo, Kaliua, napakia, napeleka Nzega na Igunga mpaka Singida.

Kwa kazi hiyo nina pikipiki kubwa ya safari. Siyo hizi za bodaboda. Ina kioo cha upepo mbele, masanduku mawili ya bati ubavuni, na tangi ambalo ukijaza Tabora unasahau habari za sheli. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Nimeiendesha miaka tisa.

Kwa asiyejua: kwenye hendeli, upande wa mkono wa kushoto, kuna kiboksi cha swichi. Taa ya mbele, indiketa, honi. Yangu indiketa ilikuwa katikati, pale pale kidole gumba kinapoangukia chenyewe. Honi ilikuwa chini yake.

Unasukuma kitufe kulia, indiketa ya kulia inawaka. Ukimaliza kona unakibonyeza kwa ndani, inazima. Miaka tisa sijawahi kuangalia chini. Kidole kinajua njia kuliko mwenye kidole.

Sasa kuhusu honi. Ile ya kiwandani ililia kama kifaranga, na mabasi ya barabara ya Nzega hayana habari na kifaranga. Nikafunga honi ya lori. Nilifunga mwenyewe, kwa mikono yangu na kwa kiburi changu. Likilia hilo dude, basi linakupisha na konda anachungulia dirishani kuona ni lori gani.

Nakiri mapema ili msije mkanikumbusha kwenye komenti.

Tuje kwenye posa.

Kaka yangu alifariki mtoto wake Emanueli, tunamwita Ima, akiwa darasa la pili. Ima nimemlea mimi. Nimemsomesha, leo ni mwalimu wa sekondari, na shati anapiga pasi mwenyewe.

Kaka alipokuwa anaumwa alinishika mkono akaniambia neno moja. Alisema, siku ya kwenda kumposea huyu mtoto, usimame wewe useme. Asisemewe na mtu baki.

Basi. Hakuomba shamba, hakuomba nyumba. Aliomba hilo tu.

Ima akampata binti, Kabula, mwalimu mwenzake. Kwao ni kwenye barabara ya Nzega, watu wa ng'ombe, na mji wao, yaani boma lao, uko hatua chache tu kutoka kwenye lami. Tukapanga Jumamosi ya kupeleka barua. Mshenga nikawa mimi. Wa kunisindikiza na kubeba barua nikamchukua Katekista Ludoviko, jirani yangu, mwenye shamba upande wa Kipalapala.

Ludoviko ni mtu mzuri lakini mzito wa kuongea. Ukimwuliza saa ngapi, anaangalia kwanza jua, halafu saa, halafu ndiyo anakohoa. Nilimchukua kwa sababu hiyo hiyo, kwamba asinichanganyie maneno yangu.

Wiki mbili kabla ya safari pikipiki ikaniangukia sokoni Kanyenye. Stendi ilizama kwenye tope. Kile kiboksi cha kushoto kikapasuka vipande.

Nikaipeleka kwa fundi wangu, Mzee Mrisho, hapo hapo Kanyenye. Mzee huyu anafungua injini akiwa amevaa kanzu na kanzu inabaki nyeupe. Akaagiza kiboksi kutoka Dar. Cha toleo langu hakikupatikana, kikaja cha toleo jipya la kampuni ile ile. Kinaingia, waya zinakubali, kila kitu sawa.

Isipokuwa wameshahamisha vitufe.

Honi imepanda katikati. Indiketa imeshuka chini.

Jamani, nani aliwatuma? Kuna mtu amekaa ofisini, ana kahawa yake, hajawahi kuona ng'ombe zaidi ya kwenye sahani, akaamua kwamba kidole cha mtu wa Tabora kilichozoea miaka tisa kianze darasa la kwanza. Mlango wa nyumba yako ukihamishwa ukiwa umelala, utagonga ukuta asubuhi au hutagonga? Nilitamani nimpate huyo mtu nimkalishe nyuma ya pikipiki, nimpeleke kwa Mzee Masanja ajieleze mwenyewe. Mzee Masanja ndiye baba yake Kabula.

Nilichukua pikipiki Ijumaa mchana. Mzee Mrisho akanieleza. Alisema honi imepanda, indiketa imeshuka, nisitoke nayo barabara kuu kabla sijazunguka nayo siku mbili tatu mjini.

Mimi nilikuwa kwenye simu na mteja wa Singida. Nikamjibu fundi kwa mkono, ule mkono wa "nimesikia". Nikaondoka.

Mtaniuliza, kutoka Kanyenye mpaka Itetemia hukugundua? Sikugundua. Kuna kona tatu, sikuwasha indiketa hata moja. Mjini hapa nani anawasha? Unatoa kichwa, unaangalia, unapita.

Jioni nikaiosha. Nilitaka ing'ae, maana mshenga anatazamwa mpaka kucha. Nikakwangua tope, nikakwangua stika za zamani, nikakwangua na kakipande ka mpira mweusi kalikobaki na gundi yake kwenye swichi. Mafundi wetu na uchafu mnawajua.

Ima akaja akanikuta nafuta kioo. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba kwa nini tusipande basi, ni siku ya heshima, wale ni wazee. Nikamwuliza kama anataka mshenga ateremke kituoni amebeba bahasha kama mtu anayetafuta kazi. Ima ukimbishia hashindani na wewe, anakuachia.

Jumamosi tukaondoka baada ya chakula cha mchana. Ludoviko nyuma, koti limefungwa vifungo vyote, barua kwenye mfuko wa ndani. Barabara nzuri, upepo mzuri. Nilikuwa nafanya mazoezi ya maneno yangu ndani ya helmeti. "Tumekuja kwa heshima, tumeona ua kwenye boma lenu." Nilikuwa najisikia raha, wakuu. Nakumbuka hiyo raha na nachukia kila sekunde yake.

Tukakaribia. Upande wa kulia nikaona mji wa Mzee Masanja, na ng'ombe wao ndiyo wanarudi kutoka kunywa maji. Kundi zima limesimama kati ya barabara na lango. Langoni amesimama bibi mmoja, ameshika nguzo ya kufungia, anawaita waingie.

Nyuma yangu kuna basi linakuja. Nikataka kuwaonyesha kwamba nakata kulia.

Kidole kikaenda kilikozoea.

Honi ya lori ikalia katikati ya ng'ombe.

Nikashtuka. Na mtu akishtuka anafanya nini? Anazima. Na mimi miaka tisa kuzima ni kubonyeza kwa ndani. Nikabonyeza kwa ndani, kwa nguvu zote. Ikalia mara ya pili, ndefu, na mimi bado nimeikandamiza nikishangaa mbona haizimi.

Ng'ombe wakageuka wote kwa pamoja. Waliokuwa nje wakaingia ndani kwa kishindo, waliokuwa ndani wakatoka. Mtamba mmoja akampitia yule bibi pale langoni. Bibi akaangukia mkono.

Mfupa uliovunjika hauhitaji daktari kukuambia. Mkono ulikaa vibaya, na yeye hakupiga kelele. Alikaa chini vumbini akauangalia kama kitu cha mtu mwingine.

Huyo ndiye Bibi Nkamba, mama yake Mzee Masanja. Kwa lugha nyingine, mtu ambaye bila yeye kukubali hakuna barua inayopokelewa katika ule mji.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana ndiyo kiini cha uzi.

Sikumkimbilia. Nilishika pikipiki. Nilikuwa nimeiegemeza pajani, naonyesha kile kiboksi kwa kidole, nawaeleza watu wa mji ule kwamba honi imehamishwa, siyo mimi, ni fundi, ni kampuni, ona wenyewe, ilikuwa hapa sasa iko hapa. Watu wanatoka ndani wanalia na mimi nafundisha somo la umeme wa pikipiki.

Ludoviko alishuka. Akavua lile koti lake la vifungo vyote, akalikunja, akaliweka chini ya mkono wa bibi. Akaukamata mkono usicheze. Akaukamata hivyo hivyo mpaka ikapatikana pikapu, akapanda nayo nyuma mpaka hospitali Nzega.

Barua ilienda Nzega ndani ya koti. Hakuna aliyeifungua.

Mzee Masanja alinijia nikiwa bado nimesimama pale barabarani. Hakunitukana. Afadhali angetukana. Alisema, "Mzee mwenzangu, nenda nyumbani. Mgonjwa kwanza."

Wakuu, wazee wetu Wanyamwezi walitoka hapa kwa miguu mpaka pwani na mizigo ya watu kichwani, miezi na miezi. Sijawahi kusikia kwamba walimvunja bibi wa mtu mkono. Mimi nilikuwa na lami na injini, nikashindwa safari ya saa mbili tu.

Nyumbani Ima alishapigiwa simu na Kabula. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki uani. Nikaanza kumweleza habari ya swichi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba mdogo," akasema, "nilikuomba uende kwa basi."

Akaingia ndani. Siku zilizofuata ananisalimia, shikamoo yake iko palepale, chakula tunakula wote, lakini akishamaliza anainuka. Wiki ya pili likaja neno kutoka kwa Mzee Masanja, kwamba barua kutoka mkono wangu haiwezi kupokelewa, waache kwanza. "Waache kwanza" kwa watu wale maana yake mnaijua.

Hapo ndipo hasira zilinipeleka Kanyenye.

Niliingia kwa Mzee Mrisho bila hodi. Nikamwambia yote yaliyokuwa tumboni. Kwamba ameniua, kwamba ameharibu ndoa ya mtoto yatima, kwamba fundi gani anafunga kitu cha kigeni anamwachia mtu aende nacho barabarani. Wateja wake wawili walisimama wakanywea.

Yeye akafuta mikono. Akaizunguka pikipiki, akainama kwenye hendeli, akapitisha kidole juu ya kile kitufe cha honi.

"Kile kipande cha mpira kiko wapi?"

Nikamwuliza kipande gani.

"Nilikata tyubu, nikabandika juu ya honi. Ili kidole kikigusa mpira kijue siyo chenyewe. Nilikwambia, ukiwa kwenye simu."

Wakuu, nilikumbuka ile jioni, maji ya sabuni, na ukucha wangu unakwangua gundi. Nilikumbuka mpaka nilipokitupa, karibu na ndoo.

Waswahili wamesema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Uongo. Guu langu hili hapa, zima. Aliyevunjika ni bibi wa watu.

Sikumwomba radhi Mzee Mrisho siku ile. Nilishindwa. Niliondoka nikiwa namchukia kwa sababu ana haki, na hiyo ni chuki mbaya kuliko zote. Nilirudi baada ya siku tatu nikamwomba. Akasema yameisha, akakata tyubu nyingine.

Nikaanza kujifunza upya, mtu wa miaka hamsini na mbili. Kila asubuhi naenda ile barabara ya Kipalapala ambako magari ni machache, nakata kona, nasema kwa sauti: honi juu, indiketa chini. Honi juu, indiketa chini. Na bado kila kona ya tatu naipiga honi. Mafrateri wa seminari wakawa wananipungia mkono, wakidhani ni mzee mchangamfu anayesalimia kanisa. Nikawa napunga na mimi. Ningefanyaje?

Bodaboda wa kijiweni wakanipa jina, Mzee Harusi, eti kila nikikata kona napiga honi kama msafara wa bi harusi. Hawakujua wanagusa wapi. Nilimshika mmoja shati, nikamwachia.

Kidole kinachelewa kusahau, nawaambia. Kichwa kilielewa siku moja. Kidole kimechukua wiki sita.

Nilipomaliza siku saba mfululizo bila kukosea, nikaenda kwa Bibi Nkamba. Asubuhi, peke yangu. Pikipiki niliiacha kwenye duka barabarani, nikatembea.

Alikuwa amekaa kivulini ubavuni mwa nyumba, mkono kwenye plasta ngumu, anachambua karanga kwa mkono mmoja. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akaniuliza pikipiki iko wapi. Nikamwambia nimeiacha mbali. Akasema ng'ombe wameshatoka, ningeweza kuja nayo.

Akaniambia nieleze ilikuwaje. Nilikuwa nimejipanga kuanza na kampuni. Lakini nilipoangalia ule mkono na zile karanga nikajikuta naeleza kila kitu, mpaka kipande cha mpira. Nilimchorea vitufe chini kwa kijiti.

"Kwa hiyo fundi aliweka alama," akasema.

"Ndiyo, Bibi."

"Na wewe ukaitoa."

"Niliona uchafu."

Akachambua karanga kama tano hivi.

"Siku ile mwenzako alishika mkono wangu. Wewe ulishika pikipiki." Hakuwa amekasirika, alikuwa anakumbuka tu. "Mshenga tunamchukua kwa ajili ya masikio yake, mwanangu. Kabula akionewa huko kwenu, ataniletea nani habari? Wewe utaona uchafu."

Nikabaki nafuta ile michoro ya vitufe kwa kiganja. Mimi, niliyefanya mazoezi ya hotuba ndani ya helmeti.

Akamalizia kwamba kijana hana kosa na hajawahi kumkataa. Barua ije, ila aitoe yule mwenye koti. Na mimi nije, nikae, nile. Kusema, hapana.

Nikarudi nikamwambia Ima. Alifurahi, halafu akaniangalia akaacha kufurahi, halafu furaha ikamshinda. Simlaumu.

Tukaenda tena mwezi uliopita, Jumamosi. Wengine walipanda gari la kukodi, mimi nilitangulia na pikipiki kuonyesha njia, kwa ruhusa ya Bibi mwenyewe. Tulipofika pale, ng'ombe walikuwepo. Kidole kikagusa mpira, kikashuka chini. Indiketa ikawaka. Nikakata kona, nikazima. Hakuna ng'ombe aliyeinua kichwa. Hakuna mtu aliyeniangalia.

Ndani nilikaa mwisho wa mkeka, karibu na mlango. Ludoviko akaangalia chini, akakohoa, akakaa muda mrefu mpaka nikatamani kumsukuma. Halafu akasema, polepole, kwamba amekuja kwa niaba ya marehemu, akamtaja kaka yangu kwa majina yake yote mawili, kwamba angekuwepo angekuja mwenyewe.

Maneno manne matano tu. Yalikuwa mazuri kuliko yangu. Bibi Nkamba akaipokea barua kwa mkono wake uliopona vibaya, vidole viwili havikunjiki.

Nami nilikuwa nimekaa pale, mzima, na ulimi wangu mdomoni, namsikia mtu baki akimsemea mtoto wa kaka.

Wakuu, somo ni hilo. Kitu ulichokizoea kikihama, usiende nacho kwa watu kabla mwili haujajua. Na mtu wa kazi akikuambia jambo, kata simu.

Mwenye hizi pikipiki za toleo jipya aje aseme kidole chake kilichukua muda gani. Wa kunitukana naye aje, nafasi ipo, nitasoma zote.

Na kama fundi wako amebandika kitu usichokielewa, usikiguse. Rudi ukamwulize.